Mchoro wa Kiholanzi wa mama na mwana: anza kwa kuugeuza nyuma

Mimi ni fundi fremu hapa The Hague, na Waswahili wenzangu wamezoea kuniletea picha walizookota madukani kwa mitumba, au walizoachiwa na wazee wa Kiholanzi waliokuwa wakiwatunza. Nyingi zinafanana: mama kaketi dirishani, mtoto miguuni, vigae ukutani, sufuria ya shaba. Halafu swali: "Fundi, hii si Vermeer kweli?" Si Vermeer, yule mchoraji maarufu wa Kiholanzi wa karne ya 17. Kazi zake zinazojulikana hazifiki 40, na karibu zote ziko kwenye makumbusho. Ila huenda umeshika kazi ya wachoraji wa kijiji cha Laren, Uholanzi, ya miaka ya 1890 au 1900, na hicho nacho kina wanunuzi wake.

Kabla hujaupenda uso wa picha, igeuze. Picha ndogo za karne ya 17 mara nyingi zilichorwa juu ya ubao wa mwaloni, kingo zimechongwa nyembamba kwa nyuma ili ziingie kwenye fremu. Za turubai za umri huo, nyingi zimeshagandishiwa kitambaa kingine nyuma, maana cha kwanza huoza. Ukikuta kitambaa kilichofumwa sawasawa kwa mashine, muhuri wa muuza rangi na kabari za mbao kwenye pembe, uko karne ya 19 au baadaye. Pini za stepla zisikukatishe tamaa, huenda mtu aliivuta turubai upya juzijuzi. Karatasi zilizobandikwa na namba za chaki zipige picha, usizibandue hata kama ni chafu.

Sasa chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vinukta vilivyojipanga safu, hiyo ni chapa ya mashine, kamata chai yako unywe. Kuna pia chapa za zamani zilizopakwa vanishi na kupigwa mikunjo ya kuiga brashi. Utazijua kwa kuwa mikunjo inakwenda huku na umbo la kitu linakwenda kule.

Halafu ingia chumbani, ukague vyombo. Dada mmoja wa Tanga aliniletea mama anayemenya viazi, chini kulia kuna jina la De Hooch, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17. De Hooch alichora kweli mama anayemenya, picha iko Wallace Collection, London, lakini anamenya matofaa. Viazi vilikuja kuwa chakula cha kila siku cha maskini wa Uholanzi karne ya 18, baada ya zama zake. Taa ya mafuta ya taa ni ushahidi wa aina hiyo hiyo. Nikaliweka lile jina chini ya kioo: rangi ya herufi ilikuwa imetiririka ndani ya nyufa. Maana yake picha ilishakauka na kupasuka ndipo mtu akaandika. Jina lililoandikwa na mchoraji mwenyewe hupasuka pamoja na picha.

Taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia inasaidia pia. Gizani, vanishi ya zamani hung'aa kijani-kijani, na mahali palipopakwa rangi upya hubaki madoa meusi. Rangi nyeupe ya titani ilianza kutumika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa hiyo ikiwemo picha si ya kale, ila kuitambua kunahitaji maabara. Usijiamini kupita kiasi: Han van Meegeren aliwadanganya wataalamu wakubwa kwa "Vermeer" aliyoichora mwenyewe miaka ya 1930.

Tafadhali usiisafishe. Kuna dawa ya kizamani ya kusugua picha kwa kiazi au kitunguu kilichokatwa. Unyevu unaingia kwenye nyufa, rangi inabanduka.

Jina likionekana halali, lilinganishe na picha za RKD, taasisi ya historia ya sanaa hapa The Hague. Hazina yake mtandaoni ni bure. Watafute Jozef Israëls, Albert Neuhuys, Bernard Blommers, Evert Pieters. Picha zao za nyumbani zilipendwa sana na matajiri wa Marekani na Uskoti.

Kwenye bei, neno dogo la katalogi ndilo linaloamua. "Ya Pieters" inaweza kufika elfu kadhaa za euro. "Inadhaniwa ni ya" hushuka, "mfuasi wa" hushuka zaidi, na isiyo na jina, kama ile ya viazi baada ya kufutwa uongo wake, ni mia chache. Mama na mtoto wenye mwanga mzuri huuzika kuliko mzee mpweke, hata kama mzee kachorwa vizuri zaidi. Kwangu mimi huo ni uonevu, lakini soko ndivyo lilivyo.

Uliza pia ilikuwa kwa nani kati ya 1933 na 1945. Wanazi walipora picha nyingi za Wayahudi. Warithi wa mfanyabiashara Jacques Goudstikker walirudishiwa 202 mwaka 2006. Pengo la miaka hiyo humkimbiza mnunuzi makini.

Ukiipeleka mnadani, linganisha na bei zilizokwisha kulipwa, si zile wauzaji wanazoomba. Nyumba ya mnada humtoza mnunuzi robo ya bei au zaidi, nawe muuzaji inakukata kamisheni yake. Dai bei ya chini kabisa unayokubali kuuzia iandikwe kwenye mkataba kabla hujaiacha picha mezani kwao.