Jinsi ya kulitembelea Victoria Mansion: ushauri wa fundi rangi

Ukiwa Portland, ile ya jimbo la Maine kule Marekani, na una saa mbili za kutumia, nenda Victoria Mansion. Ndugu zetu wengi wanaoishi mji huu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na sisi wa pwani, hupita Danforth Street kwenda kazini, wakaliona lile jumba la kahawia lenye mnara na kudhani ni mali ya tajiri ambaye bado yumo ndani. Ni makumbusho. Mlango uko wazi kwa kila mwenye tikiti. Mimi ni fundi rangi, kazi niliianzia Tanga na bado ninaifanya hapa, kwa hiyo nitakuelekeza kwa jicho la mtu ambaye akiingia chumbani huanza na kuta.

Jua kwanza majira. Nyumba hufunguliwa Mei hadi Oktoba, ikafungwa, halafu ikafunguliwa tena siku inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, mpaka mwanzoni mwa Januari, ikiwa imepambwa kwa Krismasi. Baada ya hapo utakuta imefungwa hadi Mei. Wengi hukimbilia Krismasi, na kweli inapendeza, lakini kama unakwenda mara moja tu, nenda Juni au Septemba. Desemba mapambo yanaziba kuta, watu wanasongamana, na jua la Maine linazama saa kumi jioni. Kuta hizi zinataka mwanga wa dirishani. Nenda asubuhi, siku isiyo na mawingu.

Kufika ni rahisi: kutoka Congress Street shuka na Park Street mpaka ikutane na Danforth, jumba liko pale pembeni. Kabla ya kulipa, uliza maktaba ya umma ya mtaani kwako kama ina pasi za makumbusho. Maktaba nyingi za hapa huazimisha. Ukikuta kuna ziara ya kuongozwa, chukua hiyo, kwa sababu vyumbani kuna mengi ambayo macho peke yake hayatakuambia.

Kama unampeleka mzazi au mama mkwe, piga simu mapema uulize habari za ngazi. Nyumba ilijengwa kati ya 1858 na 1860, na magoti ya wazee hayakufikiriwa. Kama mgeni wako hajui Kiingereza, msimulie habari za nyumba mkiwa bado nyumbani, kwenye chai, kisha mkifika simameni nyuma ya kundi. Hapo unaweza kumnong'oneza bila kumkatisha mwongozaji, naye anakuwa tayari anajua anachokitazama.

Mweleze hivi. Mwenye nyumba alikuwa Ruggles Sylvester Morse, mzaliwa wa Maine aliyetajirikia New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, kwa biashara ya hoteli. Hii ilikuwa nyumba yake ya kiangazi, ya kukimbilia pale joto la kusini linapozidi. Msanifu wake alikuwa Henry Austin wa New Haven. Samani na mapambo ya ndani alikabidhiwa Gustave Herter wa New York, na kuta zikapewa mchoraji Mwitalia, Giuseppe Guidicini. Morse alipofariki, nyumba ilinunuliwa na J. R. Libby, mfanyabiashara mwenye duka kubwa hapa mjini, akainunua pamoja na vyombo vyake. Ndiyo maana makochi, mapazia, mazulia na taa nyingi unazoziona ni zile zile za mwanzo. Familia ya Libby ilipohama mwishoni mwa miaka ya 1920, nyumba ilikaa bila mtu hadi ikakaribia kubomolewa. Aliyeiokoa ni mwalimu mstaafu, William Holmes, na mwaka 1941 watu wakaanza kuingia kutazama.

Sasa ndani. Mkoba wa mgongoni usiingie nao ukiwa umeuvaa mgongoni. Ukigeuka tu umekwangua kitu cha miaka zaidi ya 160. Usiguse ukuta hata kidogo, mafuta ya kidole ni adui wa rangi ya zamani. Kupiga picha uliza kwanza, na fleshi izime bila kuambiwa.

Ukiingia sebuleni, simama. Utaona fremu za mbao zilizochongwa, mapambo ya plasta yaliyotokeza, pembe zenye kina. Sehemu kubwa ya hayo ni rangi tu kwenye ukuta ulionyooka. Kuthibitisha, fanya hivi: tafuta dirisha, kisha tazama vivuli vya mapambo vimeangukia upande gani. Mchoraji mzuri wa kazi hii hupaka kivuli kulingana na dirisha la kweli la chumba kile kile, ndipo jicho linakubali. Halafu sogea pembeni, utazame ukuta kwa ubavu. Kilichotokeza kweli kitabaki kimetokeza, na kilichochorwa kitalala bapa. Mimi nimepaka nyumba nyingi na mbele ya ukuta ule nilikaa kimya. Kivuli kimoja tu cha namna hiyo kinataka rangi tatu au nne zinazofuatana bila mpaka kuonekana, na mkono usiotetemeka.

Tazama pia jinsi nyumba ilivyorekebishwa. Kufufua nyumba ya zamani si kuipaka upya. Mimi nikipewa ukuta mchafu nitapiga msasa, nitaweka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, kisha nitapaka. Mafundi wa uhifadhi hawafanyi hivyo. Wanasafisha masizi na vumbi kwa vijiti vya pamba, kipande kidogo kidogo, na penye rangi iliyobanduka wanajaza pale tu palipopotea, kwa rangi ambayo fundi wa baadaye anaweza kuiondoa. Hapa wamekwenda chumba kwa chumba kwa miaka mingi. Mwombe mwongozaji akuonyeshe chumba kilichokwisha kusafishwa na ambacho bado, uvilinganishe mwenyewe.

Vyumba vingine utavipitia haraka, lakini vitatu usiviache. Chumba cha kuvutia tumbaku kilipambwa kwa mtindo wa Kituruki, na mtu wa pwani atajikuta anasogea kukagua nakshi zile. Ngazi kuu ya mahogani inapanda bila nguzo inayoonekana chini yake. Vyumba vya kulala vina mabeseni yenye maji ya bomba, ya moto na ya baridi, mwaka 1860, na kuna kengele za kuwaita watumishi.

Hapo kwenye ngazi inua macho, utaona kioo cha rangi chenye nembo mbili, ya Maine na ya Louisiana. Na hapo ndipo pa kuuliza swali ambalo nakuomba usiliache: nani alilipia haya yote? Morse alimiliki watumwa kule New Orleans. Mahogani hii na dhahabu hii vilinunuliwa kwa fedha iliyotokana pia na jasho la watu weusi wasiolipwa. Uongozi wa jumba umeanza kuwatafiti watu hao na kuwasimulia wageni habari zao, na unaweza kuwauliza wazi bila kuona haya. Uliza kwa adabu, lakini uliza, hasa kama una watoto nawe.

Ukitoka usikimbilie gari, zunguka nje. Jiwe lile la kahawia ni laini, ni la mchanga. Maji yanapenya, baridi ya Maine inayagandisha, yanatanuka, na uso wa jiwe unabanduka kama ganda. Matengenezo ya nje nayo yamechukua miaka. Penye kingo kali na michongo inayosomeka vizuri, huenda fundi wa siku hizi amekwisha kupita. Penye uso unaomenyuka, kagua kwa macho tu, kwa sababu jiwe likifika hali hiyo kidole kimoja kinatosha kuangusha kipande.