Kabla hujagusa linkeji ya gia kwenye gari lako la mashindano

Kwanza hakikisha ugonjwa uko kwenye linkeji, yaani rodi au kebo zinazounganisha liva ya gia na giaboksi. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu ukiwasha zinagoma na rivasi inasaga, shida ni klachi. Kama gia inakwaruza kila unapobadilisha haraka, hiyo ni sinkronaiza, ile pete ndani ya giaboksi inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, na liva fupi itaimaliza mapema zaidi, maana safari ya mkono inapungua na wewe unasukuma kwa nguvu na kwa pupa.

Soma kanuni za daraja lako la mashindano. Badilisha mafuta ya giaboksi. Angalia mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia kwenye bodi, na ubadilishe zilizolegea kabla ya kununua chochote cha kung'aa.

Mimi naendesha Volkswagen Golf ya kizazi cha pili, zile zilizoanza kutoka kiwandani 1983, kwenye otokrosi, mbio za magari za uwanja wa vumbi, hapa Nairobi. Gia zake hazina kebo. Zinatumia rodi, na kwenye ncha za rodi kuna vikombe vya plastiki vilivyoshika vichwa vya mviringo. Viko nyuma ya injini, karibu na ekzosi. Joto linavipika, vinapasuka, na liva inaanza kucheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Mara nyingi vikombe vipya tu vinatosha, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na viungo vya chuma ambavyo watu hufunga badala yake. Ule uzito ulioshikizwa kwenye mkono wa linkeji uache mahali pake: unasaidia gia kuingia hadi mwisho.

Sasa jambo la jeki. Hapa nakuomba usome taratibu.

Nilifunga viungo vya chuma usiku wa kuamkia mashindano. Gari lilikuwa juu, na jeki nimeiweka chini ya giaboksi kwa sababu hapo ndipo nilipopata nafasi. Nikalegeza klampu inayobana rodi ya gia, nikaweka liva kati, nikakaza. Nikajaribu gia zote tano na rivasi. Zikaingia vizuri sana. Nikateremsha gari, nikatumia gia ya kwanza na rivasi kulipandisha kwenye trela, nikaenda kulala.

Kesho yake, raundi ya kwanza, natoka kwenye kona na ya pili imejaa. Nikasukuma kwenda ya tatu, ikaingia ya kwanza. Nilipoachia klachi injini ikapiga ukelele ambao sijausahau. Tulipofungua silinda hedi tulikuta valvu zimegonga pistoni na kupinda. Msimu ukaishia hapo, na pesa za ada ya mwana zikaenda kwa fundi wa hedi.

Kilichotokea ni hiki: jeki ilikuwa imeinua injini na giaboksi juu ya raba zake, nami nikapima kila kitu injini ikiwa imeinuliwa. Jeki ilipotoka, injini ikashuka, na mahali pa ya tatu pakasogea upande wa ya kwanza. Viungo vya plastiki vyenye ulegevu vingenisamehe kidogo. Vya chuma havisamehe.

Kwa hiyo stendi ziwekwe kwenye bodi, injini ibaki imening'inia kwenye mauntingi zake. Ukishakaza klampu, mwenzako aitikise injini kwa mtaimbo, mbele na nyuma, huku wewe ukipitisha gia. Angalia kama rodi inagusa ekzosi au stelingi. Kisha teremsha gari uliendeshe polepole uwanjani: ya pili kwenda ya tatu, tena na tena, hadi mkono uamini. Rivasi nayo ijaribu; kwenye Golf iko kushoto mwa ya kwanza na lazima ubonyeze liva chini, kwa hiyo kama inaingia bila kubonyezwa, usiende popote.

Chora alama ya rangi kwenye klampu kabla ya kuilegeza. Tumia nati za kujifunga. Vumbi letu la murram likichanganyika na grisi linakuwa msasa, kwa hiyo kila kiungo kivalishwe kofia ya raba. Usifanye kazi hii usiku wa mwisho. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Na vile vikombe vya zamani, kama bado vinashika, viweke kwenye sanduku la vifaa uende navyo uwanjani.