Somo: Kumjua nondo wa kiwavijeshi vamizi, kwa macho kwanza halafu DNA

Wakuu, nondo hapa ni mdudu anayezunguka taa usiku, sio chuma cha kujengea, nasema mapema maana nawajua. Leo ni ndugu wawili wa jenasi ya Spodoptera: exempta, kiwavijeshi wetu wa siku zote, na frugiperda, mvamizi kutoka Amerika aliyeripotiwa Afrika 2016, na 2017 akawa keshaingia Kenya na Tanzania.

Hatua ya 1. Kama kiwavi yupo anza naye, ni rahisi kuliko nondo. Chukua lensi, usoni utaona Y nyeupe iliyopinduliwa, ila usishangilie bado maana hata ndugu zake wanaweza kuwa nayo imefifia, shuka karibu na mkia utafute madoa manne meusi yamekaa kama miguu ya meza, hayo ndo ya mvamizi. Halafu mvamizi anajificha kwenye moyo wa mmea wa mahindi na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao, wakati exempta wakilipuka wanakuwa weusi na wanatembea kundi zima wakifyeka majani ya malisho.

Hatua ya 2, nondo. Dume la mvamizi lina baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Jike ni kijivu-kahawia tu, na akizeeka vumbi la mabawa limepukutika, hapo kwa macho unabahatisha.

Hatua ya 3. Kata tumbo la nondo, loweka kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka kesho (vaa glavu, inaunguza!), nyama inayeyuka zinabaki sehemu ngumu za uzazi, unazilinganisha na michoro chini ya hadubini.

Hatua ya 4, DNA. Mguu mmoja unatosha. Maabara wanazalisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) kipande cha jeni la COI, herufi kama 658, ile baakodi ya kutambua spishi aliyoipendekeza Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, mwaka 2003, kisha wanalinganisha na BOLD, hazina ya baakodi hizo.

MASWALI

Mtego wangu wa feromoni (harufu ya jike ya kuvuta madume) umejaa, nihesabu wote ni mvamizi?
– Hapana mkuu. Ile harufu inavuta na wengine, hasa nondo mwingine aitwaye Leucania loreyi, nae anakuja na rangi ya udongo hivyohivyo. Chambua mmoja mmoja.

Bwana shamba, nimemtia kiwavi kwenye gongo, itafaa kwa DNA?
– Gongo ina maji mengi dada, tafuta spiriti (ethanoli) ya asilimia 95. Na fomalini usiguse kabisa, inaharibu DNA.

Nasikia mvamizi ana koo mbili, yaani ukoo wa mahindi na ukoo wa mpunga, nazo nazijuaje?
– Kwa macho huzijui, wanafanana kabisa. Na DNA nayo ina mtego wake: COI inarithiwa kwa mama tu, na hapa Afrika wengi COI yao inasoma mpunga, ukipima jeni jingine, la Tpi, mdudu huyohuyo anasoma mahindi, yaani ni machotara wa zamani wa koo hizo mbili. Ukipima jeni moja umeongopewa.

Sasa chotara huyo anakula nini?
– Mahindi mkuu. Ndo maana tuko hapa.