Mchujo wa awali wa tenda za umeme na maji Zanzibar: kabrasha liwe tayari kabla ya tangazo

Wenye kampuni ndogo wengi huku kwetu, Unguja na Pemba, mpaka tangazo la ZECO (shirika la umeme) au ZAWA (mamlaka ya maji) litoke ndo wanaanza kukimbia, mara TRA mara ZRA mara kumtafuta mhasibu kwenye simu hapokei, siku zinakwisha, kabrasha linapelekwa nusu, halafu tunakaa barazani tunasema tenda zina wenyewe. Zengine zina wenyewe sikatai, lakini watu wanaanguka sana kwenye makaratasi, tena ya kawaida kabisa.

Kwanza tuelewane, kwenye mchujo wa awali huulizwi bei. Unaulizwa kitu kimoja tu: kazi hii unaiweza, na ushahidi uko wapi. Watakaopita ndo watakaoitwa kuleta bei baadae. Kwa hivo usijaze kurasa za "sisi ni kampuni bora yenye uzoefu mkubwa", hazina maksi. Na kujisajili kwenye e-ProZ, mfumo wa tenda mtandaoni wa ZPPDA, mamlaka ya ununuzi ya serikali ya Zanzibar, ni mlango wa kuingilia tu, usidhani ukishapata paswedi umeshapasishwa. NeST, mfumo mwengine wa tenda, nayo ni ya bara, ukiwa umesajiliwa kule usijione umemaliza na huku.

Makaratasi ya msingi nayapita haraka: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BPRA, leseni ya biashara iliyo hai, TIN, uthibitisho wa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama una wafanyakazi, hati ya uwakili inayosema nani anasaini kwa niaba ya kampuni, na usajili wa bodi ya fani yako kama kazi ni ya ujenzi au kuvuta laini. Pa kuangalia khasa ni kodi. Sie tuna mamlaka mbili, TRA anachukua kodi ya mapato kwa vile ni ya Muungano, ZRA anachukua VAT na nyengine za ndani, kwa hivo cheti cha kutodaiwa kwa mmoja hakimalizi mambo ya mwengine. Angalia na tarehe za mwisho za vyeti hivo. Halafu jina la kampuni liwe lile lile kila pahala, BPRA liandikwe kirefu na benki liandikwe kifupi ndo unawapa watu sababu ya kuuliza.

Upande wa pesa wanataka hesabu zilizokaguliwa, mara nyingi za miaka 3 au 5, na wanatafuta wastani wa mauzo kwa mwaka. Hesabu za kuandikwa wiki ya tangazo zinajulikana tu, mkaguzi gani huyo anasaini miaka mitatu kwa siku moja? Wanaangalia pia kama una pesa ya kuzungusha kabla hujalipwa. Hapa barua ya benki ya "tunamfahamu mteja wetu" haisaidii, iwe inataja kiasi ambacho benki iko tayari kukukopesha kwa kazi hiyo. Zungumza na PBZ au benki yako yoyote mapema, barua ya aina hiyo haitoki kwa siku moja.

Sasa uzoefu wa kazi zinazofanana, na hapa ndo mauti yalipo. Pemba umeme unakuja kwa waya wa chini ya bahari wa kilovoti 33 kutoka Tanga, tangu 2010, kwa hivo ukisikia kazi ya laini ya kilovoti 33 ujue ni kazi kubwa, na wee ukileta barua kumi za kufunga umeme majumbani Wete na Chake, zote kumi hazihesabiki. Kufanana maana yake aina ile ile, ukubwa unaokaribia, na ndani ya miaka waliyoitaja. Barua ya kukamilisha kazi iwe na jina la mkataba, kiasi, tarehe ya kuanza na kumaliza, sehemu uliyofanya wewe mwenyewe kama mlikuwa wengi, sahihi, muhuri na namba ya simu inayopokelewa, maana wanapiga kweli. Iombe siku unayokabidhi kazi. Ukingoja miaka miwili yule bwana ameshahamishwa na anaemrithi hakujui.

Kama unauza vifaa badala ya kufanya kazi, mezani kwao wanaanza na ripoti ya maabara. Chukua bomba la maji la plastiki, ubavuni limeandikwa PE100 SDR11 PN16 na ISO 4427, yaani aina ya plastiki, unene, presha na kiwango cha ubora, basi ripoti iseme hivo hivo na itoke kwa kiwanda hicho hicho. Mita za umeme vilevile, modeli iliyopimwa iwe ndo modeli unayouza, isiwe "inafanana". Ambatisha na barua ya kiwanda inayokuruhusu kuuza bidhaa yake.

Huna ukubwa wa kutosha? Ingia ubia, si aibu. Ila soma masharti, maana mara nyingi mauzo ya mwaka mnajumlisha lakini kila mbia ana kiwango chake cha chini, na kodi au kesi za mmoja zinawaangusha wote. Kama mbia ametoka nje na pesa ni za Benki ya Dunia, kama mradi wa umeme wa ZESTA, mtafute kwanza kwenye orodha yao ya waliofungiwa kushiriki tenda. Tangu 2010 benki kubwa za maendeleo, ikiwemo ya Afrika, zimekubaliana kutambua adhabu za mwenzao, kwa hivo aliefungiwa kule huku pia kaharibikiwa.

Kisichoeleweka uliza kwa maandishi kabla ya tarehe yao ya maswali, jibu linapelekwa kwa wote bila kukutaja jina kwa hivo usione haya. Mafaili yapandishe siku mbili tatu kabla, umeme na intaneti vina siku zao, na skani iwe inasomeka, muhuri usiwe doa jeusi.

Ukikosa, andika barua uulize sababu. Ukipita, usibadilishe mbia wala injinia uliemtaja bila ya kuwaandikia, kwa sababu siku ya bei wanakagua tena kama wewe bado ni yule yule waliempasisha.