Namna ya kusoma majibu ya jeni: mwanamke Myahudi na saratani ya mlango wa kizazi

Anza na jina la jeni lililoandikwa kwenye majibu. Wanawake wenye asili ya Ashkenazi (Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki) mara nyingi hupimwa mabadiliko matatu: 185delAG na 5382insC ya jeni BRCA1, na 6174delT ya jeni BRCA2. Takriban mtu 1 kati ya 40 wa asili hiyo analo mojawapo. Hatari inayopanda hapo ni ya titi na ovari. Aliyetolewa ovari na mirija huweza kudhani kwamba hahitaji tena kupimwa mlango wa kizazi. Mji wa mimba ukibaki, na mlango wake upo, kwa hiyo vipimo vinaendelea.

Ukikuta "TP53, kodoni 72", yaani sehemu moja ya jeni inayotengeneza protini p53, ambayo huzuia saratani, usishtuke. Mwaka 1998 watafiti walidai kwamba aliyerithi aina ya arginini kwa wazazi wote wawili ana hatari mara saba ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa protini E6 ya HPV (virusi vya ngono vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani hii) huivunja p53 hiyo upesi zaidi. Uchambuzi wa tafiti 49, uliotoka 2009, haukuthibitisha hilo pale tafiti zenye ubora zilipotazamwa peke yake. Shida mojawapo ni kusoma jeni kutoka kwenye uvimbe: uvimbe huweza kupoteza nakala moja, mwenye aina mbili akaonekana ana moja. Kwa jeni za kurithi, taka damu au mate.

Jeni STK11 yenye hitilafu ndiyo ya kuchukuliwa kwa uzito, ingawa ni nadra kwa watu wa asili yoyote. Huleta madoa meusi midomoni, vinyama vya utumbo, na aina ya saratani ya mlango wa kizazi ambayo kwa kawaida haitokani na HPV. Mwenye nayo asitulizwe na kipimo cha HPV kilichotoka safi, amwone bingwa.

Israel ina kiwango cha chini cha saratani hii, na tohara ya wanaume hutajwa sana kuwa sababu. Tohara hupunguza HPV kwa mwanamume, haiiondoi. Aina 16 na 18 za HPV husababisha takriban 70% ya saratani hizi popote.

Kwa hiyo pima HPV kuanzia miaka 30, au mapema zaidi kama mpango wa nchi yako unavyoelekeza. Siku mbili kabla, usitie dawa wala kujisafisha ukeni. Ukiwa na hedhi nzito, ahirisha. Ikionekana 16 au 18, omba kolposkopi (kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza) hata kama seli ni za kawaida. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa hakusubiri zamu ya kipimo: nenda kliniki wiki hiyo hiyo.