Ripoti ya usonji imekuja haieleweki na wewe ni mtu mzima, fanya hivi

Umepimwa usonji ukubwani, ripoti kurasa kibao, halafu mwisho imeandikwa eti "ana baadhi ya sifa lakini hajakidhi vigezo". Wengi wanaichukua kama hapana. Sio lazima iwe hapana. Kabla hujaanza kubishana na daktari tafuta ni kigezo gani hasa kimekwama, maana kila kimoja kina njia yake.

Kama wametumia DSM-5 ya 2013, yaani kitabu cha Marekani cha vigezo vya kupima hali za akili, wanataka shida za mawasiliano na watu katika maeneo yote matatu, tabia za kujirudia au mwili kuhisi sauti, mwanga au mguso tofauti na wengine, angalau mbili kati ya nne, dalili ziwe zimeanza utotoni, na ziwe zinakukwamisha kweli. Shika kalamu, pembeni ya kila kimoja andika ndiyo, hapana, au taarifa hazitoshi. Hiyo ya mwisho ndo utaikuta sana, na mara nyingi ni kwenye utoto.

Hapo kwenye utoto pakomalie. Mama anapigiwa simu anaulizwa mwanao alikuwa na shida yoyote, atajibu nini zaidi ya "hapana jamani, alikuwa mpole tu hasumbui mtu"? Muulize wewe mwenyewe vitu vya kushikika: nilikuwa nalia nikivalishwa sweta la shule? Mboga ikigusa ugali nilikuwa nakula? Nilikuwa nashinda napanga vizibo vya soda mstari peke yangu wenzangu wakicheza? Muulize na shangazi, na dada aliyekulea, halafu tafuta ripoti za shule za zamani, usiangalie maksi, soma maoni ya mwalimu.

Alama za vipimo zisikutishe wala zisikupe uhakika. Kuna madodoso unayojaza mwenyewe: AQ ina maswali 50 na wengi wanahesabia kuanzia 32, RAADS-R ina 80 na mstari uko 65, ila hizo ni za kuchuja tu, hata mwenye wasiwasi mkali anaweza kuvuka. ADOS-2 nayo ni kipimo cha kukutazama, mtu anakaa na wewe kwa muda mfupi anakuangalia, sasa kama umeshajizoesha miaka yote kulazimisha macho na kucheka wenzako wakicheka, unaweza kupata alama ndogo kabisa. Na kinyume chake, sisi tumefundishwa kutomkazia macho mtu mzima, ni heshima, kwa hiyo kama aliyekupima hajui hilo mwambie.

Ukiandikiwa "ni ADHD, sio usonji" (ADHD ni ile hali ya shida ya umakini na kutotulia) uliza wamezitenganishaje, kwa sababu tangu hiyo 2013 mtu anaruhusiwa kupewa zote mbili.

Na wakisema una kazi na familia kwa hiyo hukwami, hapo mi huwa naumia kwa kweli, maana hawaoni gharama. Waandikie gharama yenyewe: baada ya harusi moja unalala siku nzima huongei na mtu, kazini unakula lanchi kwenye gari ukimbie kelele.

Ukishakusanya, mwandikie daktari ukurasa mmoja, uliza: kigezo gani hakikutimia, ni ushahidi gani ungebadilisha jibu, na je anaweza kuongeza maelezo mapya kwenye ripoti. Akikataa, tafuta mwingine anayepima watu wazima, mpe ripoti ya kwanza pamoja na hayo maelezo mapya. Huku unasubiri, vaa hedifoni zako, omba kazini maelekezo kwa maandishi, hivyo havihitaji cheti.