Karatasi ya dawa ya familia: namna ya kuiandaa kabla ya kufika kaunta

Kila mtu wa nyumbani apewe ukurasa wake. Andika jina la dawa kama lilivyochapwa kwenye boksi, lile la maandishi madogo chini ya jina la biashara, kisha miligramu, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya kuanza. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani: nini kilitokea, na siku ya ngapi. "Dawa ilimkataa" haimsaidii mfamasia. Vipele siku ya kumi na mkojo mweusi siku ya pili ni habari mbili tofauti kabisa.

Dawa ikishamezwa hukutana na vimeng'enya vya ini vinavyoivunjavunja, na pia protini za usafirishaji zilizokaa kwenye kuta za utumbo, ini, figo na ubongo. Protini hizi ni kama mahamali wa bandarini: wengine huingiza mzigo, wengine huutoa. Jeni ndizo zinazoamua mahamali wako ni wangapi na wana nguvu kiasi gani, na ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja humeza kidonge kile kile na mmoja tu akadhurika.

Anza na G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike, kwa sababu upungufu wake umeenea zaidi kule malaria ilikotawala kwa karne nyingi, Pwani yetu ikiwemo. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume huipata kwa mama: waulizie wajomba kabla ya kina ami. Je, kuna aliyewahi kupata macho ya manjano na mkojo mweusi siku 1 hadi 3 baada ya kuanza dawa? Wasichana nao hawajasalimika, ila kwao hali huwa na viwango vingi. Dawa za kutaja mbele ya daktari ni primakwini, dapsoni na nitrofurantoini, hii ya mwisho ikitolewa sana kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inayotolewa kuzuia malaria isisambae, haihitaji kipimo kwanza. Dozi ya siku 14 inahitaji.

Kipimo chenyewe hudanganya kikifanywa wakati mbaya. Damu ikitoka tu kuharibika, chembe nyekundu kuukuu, zile zenye upungufu mkubwa, zimeshakufa. Zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na jibu hutoka zuri. Rudia baada ya miezi 3 hivi. Aliyeongezewa damu naye asubiri, maana sehemu ya kinachopimwa ni damu ya mtu mwingine.

Usikisie jeni kwa sura, hasa Mombasa, ambako nyumba moja ina bibi Mdigo, babu wa Hadhramaut na mkwe mwenye asili ya Gujarat. Chukua abakaviri, dawa ya VVU wanayopewa watoto wengi. Wenye aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01 wanaweza kupata mzio mkali, kwa kawaida ndani ya wiki 6 za kwanza: homa, vipele, kutapika, kikohozi, uchovu unaozidi kila baada ya dozi. Aina hiyo imeonekana zaidi kwa Wamaasai na kwa baadhi ya jamii za India kuliko kwa watu wengi wa Afrika. Dalili zikijitokeza, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Mzio ukithibitishwa, dawa hiyo hairudiwi maishani, hata nusu kidonge. Dozi ya kurudia inaweza kuua. Iandike kwa wino mwekundu.

Kisha andika vyakula, na hapa balungi ina ukurasa wake. Huzima kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza simvastatini, dawa ya kolesteroli, nayo ikajaa kwenye damu na misuli ikaanza kuuma. Athari hiyo hupita siku moja, hivyo kuachanisha saa hakusaidii. Liache tunda lenyewe. Mwenye jeni dhaifu ya SLCO1B1, yaani hamali anayeingiza simvastatini kwenye ini, yuko hatarini hata bila balungi. Anayemeza amlodipini ya presha asizidishe simvastatini miligramu 20 kwa siku. Kwa feksofenadini ya mzio mambo hugeuka: maji ya balungi, chungwa au tofaa huzuia mahamali wa kuingiza, dawa haifiki ya kutosha, na mtu hulaumu kampuni. Imeze kwa maji matupu.

Jeni nzuri pia haitoshi, kwani dawa moja huweza kumfunga mikono hamali wa nyingine. Dolutegraviri ya VVU huzuia figo kutoa metfomini ya kisukari. Wanaotumia zote mbili kwa kawaida hawavuki miligramu 1000 za metfomini kwa siku, na kuhara kusikoisha ni dalili ya kuripoti. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huongeza vimeng'enya na mahamali wa kutoa, hadi dolutegraviri ya miligramu 50 ikabidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Nguvu hiyo haikatiki siku ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo andika tarehe ya kumaliza rifampisini, hesabu siku 14 mbele, na uizungushie duara tarehe utakayoifikia. Kabla ya hapo dozi ya pili ya dolutegraviri haiachwi.